Kidonda Nilichokiita Salfa

Muwasho ulianza msimu wa kupuliza salfa, ndiyo maana sikuuhofia. Kwetu Chilangala, huku Newala, mikorosho ikianza kutoa maua kila mtu anajikuna. Unga ule wa njano unaingia machoni, kwapani, kwenye mikunjo ya shingo, chini ya kanga. Mume wangu ndiye aliyekuwa akibeba mashine mgongoni, na mimi namfuata nyuma na ndoo kumjazia. Tukirudi nyumbani tunanuka kama viberiti. Tunaoga maji kidogo, maana maji huku juu ni ya kutafuta, na unga mwingine unabaki mwilini mpaka kesho yake tunapouongezea. Basi nilipowashwa huko mbele, upande wa kushoto, nikasema ni salfa. Msimu ukaisha, wenzangu wote wakaacha kujikuna. Mimi sikuacha.

Niseme pia kwamba mimi ni kungwi. Nimewafunda wasichana wa vijiji vya huku kwetu hadi Mnyambe, na baadhi yao sasa ni mabibi. Kila kiungo cha mwanamke nakijua kwa jina lake la wazi na la mafumbo, na nyimbo zake ninazo. Ndani ya unyago sijawahi kuona haya. Lakini yale yalikuwa maneno ya kumwambia mwali kuhusu mwili wake. Kuhusu mwili wangu mimi, mwanamke aliyekwisha kuoza mabinti na kukoma kuona siku zake, sikuwa na wa kumwambia. Nani anamfunda kungwi?

Nilikwenda duka la dawa pale Newala mjini, nikamwambia muuzaji nina fangasi. Hakuuliza wapi. Akanipa tyubu. Nikipaka, muwasho unatulia, nikiacha unarudi. Tukaenda hivyo miaka, mimi na tyubu zangu, nyingine za rangi hii, nyingine za rangi ile. Katika kunawa nikaanza kuhisi kwa kidole kwamba ngozi ya pale imekakamaa na kuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Baadaye pakaota kitu mfano wa chunjua. Kikakua. Kikachimbika katikati kikawa kidonda, na kidonda kikaanza kutoa majimaji yenye harufu, halafu damu.

Damu ile ilinitesa kwa namna yake. Haikuwa hedhi, na sikujua niiite nini. Nilijifunga vitambaa, nikaswali hivyo hivyo, na kila nilipokaa kwenye tahiyatu nilikuwa nauma meno. Kitandani nilihamia upande wa ukutani, kisha nikahamia chumba cha watoto ambacho kilikuwa kitupu tangu waolewe. Mume wangu aliniuliza mara moja kwa nini. Nikamwambia mgongo. Hakuuliza tena.

Mdogo wangu anakaa Masasi. Ni fundi cherehani, ana kibanda chake karibu na soko. Binti yake alipojifungua niliteremka kwenda kumwona mtoto, na ile safari ya kutoka Newala, barabara yote ile ya kuteremka, niliimaliza nikiwa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili ili nisiukalie mwili wangu. Nilipofika nikatandikiwa mkeka. Nikakaa kiubavu. Mdogo wangu alikuwa ananitazama tu, pini mdomoni. Akazitoa.

"Dada, una nini?"

"Sina kitu. Safari tu."

"Safari gani ya kumkalisha mtu tako moja?"

Nikacheka ili yapite. Hayakupita. Akanishika mkono akanipeleka chumbani kwake, akafunga mlango, akafunga na dirisha. Akasema, "Vua." Mimi ndiye niliyempeleka huyu unyagoni akiwa mdogo, nikambeba mgongoni siku ya kutoka. Nikavua. Aliinama akatazama, hakuchukua muda. Akanifunika kanga, akakaa sakafuni akaegemea kitanda.

"Hii si fangasi, dada," akasema. "Hii imekula."

Kesho yake asubuhi tukaenda hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kutazamwa na mtu nisiyemjua. Usiku huo nilijiambia kwamba macho ya mgeni hayana uzito. Tukaitwa chumbani. Muuguzi aliyekuwa amekaa pale, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akainuka ghafla, akapiga goti.

"Shikamoo somo."

Nilikuwa nimemfunda mimi. Alikuwa msichana mwembamba sana, mwoga, aliyekuwa akilia kila tukianza wimbo, na sasa ana mwili na sare nyeupe. Nikaitikia marahaba, nikageuka kumwambia mdogo wangu twende zetu. Nilishaukamata mpini wa mlango. Kuonekana na mgeni ningeweza. Kuonekana na mwali wangu, pale mahali, na ile harufu, niliona afadhali nirudi Newala nikafe na siri yangu.

Hakunivuta. Akasimama karibu yangu akasema kwa sauti ndogo, kwa Chimakonde, ili waliokuwa nje kwenye benchi wasielewe wote: "Somo, wewe ulinitazama mimi nikiwa natetemeka. Ukaniambia hapa hakuna aibu, hapa ni wanawake tu. Basi na leo ni wanawake tu."

Nikapanda kitandani. Alikitazama kidonda pole pole, akanisafisha kwa maji ya uvuguvugu, na muda wote akawa ananieleza anachofanya kabla hajanigusa. Akatoka akamwita daktari. Daktari alikuwa mwanamume, umri wa mwanangu wa mwisho. Yeye alitazama kidogo, akabonyeza kwenye kinena, upande wa kushoto, mahali nilipokuwa na mtoki ambao nilidhani unatokana na kutembea sana. Akasema lazima akate kinyama kidogo kikapimwe. Wakanichoma ganzi. Sindano ile nisingependa kuieleza. Mwali wangu alinishika mkono, nami nilikuwa nimeubana kwa nguvu hata nikaona baadaye alama za kucha zangu kwenye ngozi yake.

Majibu yalichelewa. Nilibaki Masasi nikimsaidia mdogo wangu kukata nyuzi na kubembeleza mtoto, na kila aliyekuja kushona aliniuliza habari za Newala, nami nikajibu nzuri. Siku tulipoitwa, daktari alivuta kiti akakaa karibu, nikajua.

"Mama, ni saratani," akasema. "Iko kwenye mashavu ya uke, sehemu ya nje."

Mdogo wangu akauliza, "Ile ya shingo ya kizazi?"

"Hapana. Ile ni ya ndani. Hii ni ya nje kabisa, kwenye ngozi. Haitokei sana. Hata mimi nimeiona mara chache."

Nikamuuliza kama imeletwa na salfa. Alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo nilimheshimu. Akasema yeye hajasoma popote kwamba salfa inaleta saratani hii. Wengine huipata kutokana na kirusi, wengine ngozi yao ya huko huugua ugonjwa wa kuwasha kwa miaka mingi, mwisho inageuka. "Umewashwa muda gani?" akaniuliza. Nikamwambia. Akainamisha kichwa. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza kidogo, nijitetee.

Nilipanda kurudi Newala kumwambia mume wangu. Nilimkuta uani anaparua majani kwenye mfereji unaoingiza maji ya mvua kwenye tangi. Nikakaa kwenye kizingiti, nikamwambia yote kwa mpigo, kidonda, kinyama, jina la ugonjwa, na kwamba ninatakiwa kwenda Dar es Salaam kukatwa. Aliendelea kuparua huku nikisema. Nilipomaliza akaliweka jembe chini.

"Kumbe ndiyo sababu ulihama chumba?"

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani umenichoka."

"Nimechoka," nikamwambia, "lakini si wewe."

Akakaa pembeni yangu. Baada ya muda akauliza, "Ni salfa?" Nikamwambia daktari amesema siyo. Wakati wa chakula akauliza tena. Siku ya kuondoka, akiwa amenibebea begi kwenda stendi, akauliza mara nyingine, na hapo nilielewa kwamba hakuwa akiniuliza mimi. Nikamjibu tena siyo, kwa sauti ya kumjibu mtoto, na nilikuwa sina nguvu ya kumfariji zaidi ya hapo.

Dar tulikwenda na mdogo wangu. Aliacha cherehani yake kwa binti yake mwenye kichanga. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke, mrefu, mwenye kusema haraka haraka. Alinichorea kwenye karatasi kile watakachokitoa: shavu lote la kushoto, sehemu ya kulia, na mitoki ya kinena pande zote mbili. Mchoro ulikuwa mdogo lakini ulionekana kama ramani ya shamba linalogawanywa.

"Kitabaki nini?" nikauliza.

"Utaweza kutembea, utaweza kukojoa mwenyewe. Hayo mengine tutayazungumza baadaye."

Hayo mengine hayajazungumzwa mpaka leo. Sio kwamba namlaumu. Nje ya mlango wake palikuwa pamejaa wanawake.

Niliamka na mrija wa mkojo, na mirija mingine miwili kwenye kinena inayotoa maji mekundu kwenye vichupa. Kwa siku za mwanzo sikusikia maumivu kama nilivyotarajia. Nilisikia ubaridi, kana kwamba mlango umeachwa wazi. Maumivu yalikuja nyuzi zilipoachia kinenani upande wa kushoto, kidonda kikafumuka. Ikawa ni kusafishwa na kufungwa, kusafishwa na kufungwa, mpaka nikawajua wauguzi wote kwa uzito wa mikono yao. Mdogo wangu alilala sakafuni chini ya kitanda changu. Kuna asubuhi nilimsikia analia huko chini, nikajifanya sijaamka. Angeniona nimeamka angefuta macho, na mimi sikuwa na haki ya kumnyima kilio.

Baada ya kidonda kufunga ikafuata mionzi, maana mtoki mmoja ulikutwa na ugonjwa. Kila siku ya kazi tulikwenda kukaa kwenye benchi kusubiri mashine. Mashine yenyewe haina shida, unalala, inanguruma, unaambiwa ushuke. Shida ni ngozi. Kidogo kidogo iliiva, ikawa nyeusi, ikabambuka, na mkojo ukipita ni moto mtupu. Nilikuwa nakojoa huku najimwagia maji ya uvuguvugu, chupa mkono mmoja, ukuta mkono mwingine. Nilipunguza kunywa maji ili nisikojoe. Wakanikemea, maana mkojo ukawa mkali zaidi.

Kwenye benchi lile palikuwa na mwanamke wa Tandahimba. Tulijuana kwa lafudhi kabla hatujasalimiana. Tulizungumza Chimakonde, mambo ya mbaazi, mambo ya mvua, nani anauza mashamba. Yeye alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Watu wakimuuliza anawaambia, nao wanaelewa, maana imetangazwa redioni na zahanati zina picha zake ukutani. Mimi nikisema yangu wananiuliza, "Yaani ya shingo ya kizazi?" Nikisema hapana, inabidi nieleze, na kueleza ni kutaja, na kutaja ni kuona macho ya mtu yanateremka kwenye mapaja yangu. Mwishowe nikawa najibu ndiyo, ya shingo ya kizazi. Nilimwonea wivu mgonjwa mwenzangu kwa kuwa na ugonjwa unaojulikana. Siku moja nilimwambia hivyo, akacheka mpaka akashika tumbo. Alimaliza matibabu kabla yangu akarudi kwao. Tulipeana namba za simu, ile yake haipatikani tena, na sijataka kumuuliza mtu wa Tandahimba kwa nini.

Nilirudi Chilangala wakati korosho zinaanguka. Nilikuwa nimekonda, suruali ya ndani siwezi kuvaa, natembea nimetanua miguu. Muuguzi alikuwa ameniagiza nikalie maji ya uvuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni, beseni zima. Yeye alisema beseni kama anayetaja kikombe. Huku kwetu beseni moja la maji ni maji ya kupikia siku nzima. Tangi letu lilikuwa limebakia tope chini. Mume wangu akawa anafunga madumu kwenye baiskeli kila siku kwenda kuyafuata bondeni, na kurudi anaisukuma, haipandiki. Yeye ndiye aliyechemsha, akapoza, akatia chumvi, akaniwekea chumbani na kuondoka. Mara ya kwanza alilichukua beseni kwenda kumwaga, akaona maji yana damu, akasimama nalo uani kitambo. Tulikuwa na miaka mingi ya ndoa na sijawahi kumwona amesimama vile.

Kuokota korosho kunataka kuinama na kuchuchumaa, mimi siwezi vyote viwili. Nikakunja kitenge kikawa ngata, siyo ya kichwani bali ya kukalia, nikawa naletewa mabibo nanyofoa korosho. Mguu wa kushoto ulivimba. Mitoki ikitolewa maji ya mwilini yanakosa njia, waliniambia. Majirani waliuona ule mguu wakasema ni matende, wakanipa pole za matende na dawa za matende. Niliwaacha. Matende ni ugonjwa wa kuheshimika, kila ukoo una mtu wake. Wengine, nasikia, walisema nimerogwa na mwali niliyemfunda vibaya, wengine wakasema mume wangu ana mambo yake. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutotaka kujua ni nani aliyesema.

Kuna madogo ambayo hakuna aliyenionya. Mkojo hauendi tena mahali pamoja. Unatawanyika, unateremka pajani, na choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nilijifunza kutumia kopo. Nilijifunza kuswali juu ya kiti. Nilijifunza kutoalikwa safari. Mume wangu alirudisha mkeka wake chumbani kwangu, analala chini, mimi juu kitandani. Tunaongea gizani kama watu walioko shambani mbali mbali. Hatujawa kama zamani na sidhani kama tutakuwa. Wakati mwingine ananiuliza, "Umelala?" Nasema, "Bado." Basi, yametosha.

Makungwi wenzangu walikuja kunitembelea mchana mmoja, wakanikuta nimelaza mguu juu ya mto. Walitaka nirudi, msimu wa unyago ulikuwa unakaribia. Nikawaambia siwezi kucheza, siwezi kukesha. Wakasema nikae tu. Ndipo nikawaeleza nilichokuwa nacho, kwa jina lake, bila mafumbo. Nikawaambia wanawake wenye muwasho usiokoma na kidonda kisichopona waende wakatazamwe, wasitumie tyubu miaka kama mimi. Sikusema vizuri. Nilisema kama mtu anayesoma tangazo. Mmoja alitazama mlangoni, mwingine akacheka ile ya aibu. Wakabadilisha mazungumzo, wakanywa uji, wakaaga. Siku chache baadaye yule aliyecheka akarudi peke yake, akakaa, akazunguka zunguka na habari za kuku wake, mwisho akauliza hospitali ya Masasi inatazama siku gani. Nikamtajia mwali wangu. Kama alikwenda sijui. Hajaniambia na sikumfuata.

Kila baada ya miezi kadhaa nateremka Masasi kuangaliwa. Safari hii iliyopita, mwali wangu alipapasa upande wa kulia, ule uliobakizwa, akasimamisha kidole. "Hapa pana kitu, somo." Wakakata kinyama kingine. Nilirudi kwenye nyumba ya mdogo wangu kusubiri, na nilijikuta siogopi kama mara ya kwanza. Nilikuwa nahesabu mambo kwa uchovu: Dar tena, benchi tena, moto wa mkojo tena, baiskeli na madumu. Nikamwambia mdogo wangu kwamba kama imerudi, mimi siendi.

"Utaenda," akasema, macho kwenye cherehani.

"Siendi."

"Haya, hutaenda. Nishikie huku nikate."

Nikamshikia kitambaa, akakata.

Majibu yalitoka safi. Ni kovu tu, daktari alisema, kovu limekaza, tuliangalie. Mdogo wangu akapiga kigelegele pale pale koridoni hadi watu wakageuka. Mimi nilingoja furaha ije. Nilidhani itanikuta njiani, au nikifika nyumbani. Niliongea na mume wangu kwa simu, nikasikia anamshukuru Mungu mara nyingi mfululizo, sauti yake inakatika, sijui ni mtandao au ni yeye. Akauliza nitapanda lini. Nikamwambia kesho kutwa, kwanza nilale.

Mdogo wangu alinitandikia kitandani kwake, akaweka mito miwili chini ya mguu. Nje mteja alikuwa anabishana naye kuhusu kola, mtoto analia, redio ya jirani imefunguliwa. Sikuzima wala kufunga kitu. Nililala mchana ule mpaka alasiri ikanipita, na mdogo wangu hakuniamsha.